Kutu ya visimani ina uhai, tuijengee mahali pake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Hivi karibuni msomaji mmoja aliandika kwamba bondeni kwao kuna mafuta yanaelea juu ya maji, akaomba wataalamu wapelekwe. Mwingine akamjibu kwamba hayo ni mafuta yaliyovuja, na kwamba hata kisima kirefu cha kijijini kwake kimeanza kutoa maji mekundu yenye sumu, heri kifungwe. Nimezisoma barua zote mbili nikashindwa kunyamaza. Nimefanya kazi ya ufundi wa pampu za mkono huku Muleba kwa miaka 27, nimepumzika juzi tu, na hicho wanachokiogopa nimekishika kwa mikono yangu mara nyingi kuliko nilivyoshika jembe.

Nianze na hayo mafuta. Tangu habari za bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga, zianze kusikika mkoani Kagera, mtu akiona utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua kwenye maji ya mafunjo, wazo linalomjia kwanza ni mafuta. Simlaumu, maana unang'aa kweli. Ila achukue kijiti auchokoe. Mafuta ukiyapitishia kijiti yanazunguka, yanakifuata, kisha yanarudi kuungana kama hakuna kilichotokea. Utando wa bondeni hupasuka vipande vyenye pembe, kama ule wa juu ya uji uliopoa, na vipande hivyo vikishaachana haviungani tena. Nimewafundisha wajukuu zangu jambo hili na sasa wao ndio wanaowafundisha wenzao njiani kwenda shule. Ukiona vipande, inama utazame chini yake. Utakuta kitu laini cha rangi ya chungwa kimejishika kwenye majani yaliyooza, kama pamba iliyoloweshwa. Hapo unatazama bakteria wa chuma wakiwa kazini.

Ndio hao hao walioko kwenye kisima chenye maji mekundu.

Mara ya kwanza kuwaona kwa karibu ilikuwa siku tuliyong'oa mabomba ya kisima kimoja kilichokuwa kinatoa maji kidogo kidogo, kama mtu anayekamua ng'ombe mzee. Tulikuwa wanne. Bomba la tatu lilipotoka, mwenzangu aliliachia kwa mshtuko, kwa sababu lilikuwa limevikwa ute mzito wa rangi ya chungwa unaoteleza kama bamia. Ndani yake tundu lilikuwa limebaki dogo hata kidole changu cha shahada hakipiti. Harufu yake ilikuwa ya tope la bwawa. Nilichukua ule ute kwenye chupa ya soda, nikampelekea mwalimu wa baiolojia wa sekondari ya jirani, mtu mwenye moyo wa kufundisha hata asiye mwanafunzi wake. Akaweka tone kwenye kioo cha hadubini, akanisogeza nitazame.

Mhariri, sijausahau mchana ule. Nilidhani nitaona chembe za kutu zimetupwa ovyo kama mchanga. Badala yake niliona utepe mwembamba uliosokotwa vizuri, kama ukili wa mkeka, na pembeni yake mirija myembamba sana, mingi ikiwa mitupu. Mwalimu akanieleza kwamba ule utepe hutolewa na bakteria aitwaye Gallionella, mwenye umbo la punje ya haragwe. Anakaa kwenye ncha, na jinsi anavyosonga mbele ndivyo anavyouacha utepe wa kutu nyuma yake. Mirija ni ya Leptothrix. Yeye hujijengea ala, huishi humo akiwa kwenye mnyororo na wenzake, ala ikishakuwa nzito kwa kutu huihama na kujenga nyingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ute ule tuliokuwa tunaukwangua kwa panga ilikuwa nyumba zilizohamwa.

Maji yanapokuwa chini ardhini bila hewa, chuma huwa kimeyeyuka ndani yake na hakionekani. Ndiyo maana ukichota ndoo asubuhi maji ni meupe kama machozi, na ifikapo jioni yamekuwa ya rangi ya tangawizi. Hewa imeingia, chuma kimeshikana na oksijeni, kimekuwa oksidi, yaani kutu, nayo haiyeyuki, inatuama. Kwenye hewa nyingi kazi hiyo hufanyika yenyewe haraka, bila msaada wa kiumbe yeyote. Bakteria hawa wamechagua mahali pembamba sana, pale ambapo maji yasiyo na hewa yanakutana na hewa kidogo tu. Hapo hewa peke yake ni mvivu, na wao wanaiwahi. Wanajipatia nguvu ya kuishi kwa kukigeuza chuma, lakini nguvu hiyo ni ndogo mno, kwa hiyo inawabidi wageuze chuma kingi ajabu ili waongezeke kidogo. Hiyo ndiyo sababu kisima kinaziba upesi kiasi kile. Mjerumani Ehrenberg alimweleza Gallionella tangu miaka ya 1830, na Mrusi Winogradsky ndiye aliyesema mwaka 1888 kwamba kuna viumbe wanaoishi kwa kukigeuza chuma namna hiyo. Si jambo jipya. Ni sisi wa visimani tusioelezwa.

Kutoelezwa huko kuna gharama. Kwenye kisima kimoja cha mlimani, siku ya kukabidhi tulicheza ngoma. Wiki moja baadaye foleni ilikuwa imetoweka. Nikaenda kwa mama mmoja anayeuza mkaa karibu na pale, nikamuuliza kulikoni. Hakunijibu kwa maneno. Aliinjika maji ya kisima, yalipochemka akatia majani ya chai, akanimiminia kikombe. Chai ilikuwa nyeusi kama wino, yenye kivuli cha zambarau, na ladha ya kulamba msumari. Akanifunulia na sufuria ya ndizi alizopika kwa maji yale. Zilikuwa na rangi ya jivu. "Baba, wewe ungempa mgeni chakula hiki?" Sikuwa na jibu siku hiyo. Leo ninalo. Majani ya chai na utomvu wa ndizi vina tanini, na tanini ikikutana na chuma hufanya rangi nyeusi. Wino wa zamani wa kuandikia ulitengenezwa kwa chuma na tanini vile vile. Chai ile haikuwa na sumu ya chuma, na bakteria hawa hawajulikani kumletea binadamu ugonjwa. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha chuma kwa ajili ya afya. Linasema tu kwamba kikizidi milligramu 0.3 kwa lita huchafua nguo na vyombo. Lakini yule mama na wenzake walirudi kuchota bondeni, maji wanayonywea pia ng'ombe, na msimu ule wa mvua watoto waliharisha. Kisima chenye maji salama kilisimama pale juu kimya.

Nikiri na kosa letu mafundi. Tukiitwa kwenye kisima chekundu, tulikuwa tunamwaga klorini ya kutosha, tunasubiri usiku kucha, tunapiga pampu hadi harufu iishe, tunaondoka tumeridhika. Baada ya wiki kadhaa tunaitwa tena. Klorini iliwaua waliokuwa kwenye bomba, lakini chuma kilichoyeyuka kiliendelea kuja kutoka ardhini, na chakula kikiwapo mezani walaji hawakosi. Tena klorini yenyewe hukigeuza chuma kuwa kutu humo humo ndani ya kisima. Sisemi klorini haina kazi. Kisima kilichoingiwa na maji ya mafuriko lazima kitiwe. Nasema tu kwamba haiondoi chuma ardhini.

Kabla ya yote, fundi ajue chuma kinatoka wapi. Mimi nilikuwa nafika alfajiri kabla mtu hajachota. Mapigo ya kwanza yakitoa maji mekundu kisha yakazidi kutakata kadiri unavyopiga, mwenye kosa ni bomba, maana maji yamelala ndani yake usiku mzima yakilila. Yakiendelea kuja na chuma hata baada ya madumu mengi, kiko kwenye mwamba wenyewe. Nimekuta visima ambavyo mkandarasi aliweka mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki kwenye maji yenye asidi. Zinki iliisha mapema, bomba likafuata, na wanakijiji wakaambiwa ardhi yao ndiyo mbovu. Pale palihitajika mabomba ya plastiki tangu siku ya kwanza.

Kwenye kile kisima cha yule mama, chuma kilikuwa cha mwamba. Ndipo tukafanya jambo ninalotaka wasomaji walijue. Tuliinua jukwaa la pampu kwa tofali, tukajenga kando yake vyumba viwili vya saruji vyenye mfuniko. Maji yakitoka kwenye pampu yanapita kwenye bomba lililotobolewa matundu, yananyesha kama mvua juu ya kokoto na kunyonya hewa, kisha yanashuka kwenye chumba cha mchanga, ndipo yanatokea kwenye koki. Wiki za mwanzo watu walitucheka. Maji yalitoka na rangi bado, na kamati ikataka kuuosha mchanga uwe mweupe kabisa. Niliwasihi wasubiri. Polepole kokoto zilivaa rangi ya chungwa, na kadiri zilivyovaa ndivyo maji ya koki yalivyotakata. Bakteria wale wale waliokuwa wanaziba bomba sasa walikuwa wamepewa chumba chao, na kutu iliyokwishatulia pale nayo ilikuwa inakivuta chuma kipya kishikamane nayo. Tukiosha, tunasuuza kwa maji ya kisima tu, tena tunaacha rangi kidogo ibaki iwe mbegu. Siku moja kijana mmoja, kwa nia njema, aliosha kwa klorini. Tukaanza upya kama siku ya kwanza.

Yule mama alikuja na birika lake, akapikia chai pale pale kisimani mbele ya watu. Ilitoka nyekundu, rangi ya chai.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna lingine linaloninyima usingizi zaidi ya chuma. Tulipochimbua mchanga baada ya miezi mingi, chini ya tabaka la chungwa tulikuta punje zimekuwa nyeusi kama zimepakwa masizi. Nilidhani ni uchafu. Ilikuwa manganisi. Madini haya husafiri na chuma mara nyingi, nayo yakiyeyuka hayaonekani. Tofauti ni kwamba hewa peke yake haiyawezi. Kwenye maji ya kawaida manganisi huweza kukaa imeyeyuka miezi, hata miaka, ingawa hewa ipo. Bakteria ndio wanaoigeuza upesi kuwa oksidi nyeusi. Leptothrix wana ndugu yao afanyaye kazi hiyo, na wapo wengine wengi. Kwa hiyo maji ambayo yametuama ndooni yakaacha chuma chini na kuwa meupe yanaweza kuwa bado yamebeba manganisi yote. Jicho halitakuambia. Dalili utakayoiona ni madoa meusi kwenye beseni jeupe, nayo huchukua muda.

Jambo hili lina uzito kwa mtoto mchanga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 umeweka kikomo cha manganisi, ambacho bado ni cha mpito, kuwa milligramu 0.08 kwa lita, wakati zamani walikuwa wakitaja 0.4, na wanaofikiriwa zaidi ni watoto wanaonyweshwa maziwa ya unga yaliyochanganywa na maji, kwa sababu ya ubongo wao. Katika miaka yangu yote kazini nimeona karatasi nyingi za vipimo vya visima. Nyingi zilikuwa na kipimo cha chuma. Chache sana zilikuwa na kipimo cha manganisi.

Hata wasomi bado wanajifunza kuhusu viumbe hawa. Kwa zaidi ya karne moja ilidhaniwa kwamba huenda wapo bakteria wanaoishi kwa manganisi kama wale wa chuma, lakini hakuna aliyewapata. Mwaka 2020 Jared Leadbetter na Hang Yu, wa chuo cha Caltech kule California, walitangaza kuwa wamewapata. Leadbetter alikuwa ameacha chupa yenye mabaki ya manganisi ikiwa imelowekwa kwa maji ya bomba kwenye sinki, akasafiri kikazi kwa miezi kadhaa, akarudi akaikuta imevaa weusi. Mtu mwingine angeisugua na kuiweka kabatini. Yeye alijiuliza ni nani aliyeipaka.

Sasa niseme kuhusu tope. Oksidi hizi, ya chungwa na nyeusi, hazikai peke yake. Zina tabia ya kushika metali nyingine zilizoyeyuka majini: risasi, zinki, kobalti, na aseniki ambayo ni sumu kweli kweli. Oksidi ya manganisi huigeuza aseniki kuwa katika hali ambayo kutu huishika kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana huko Nepal na Bangladesh watu wametumia vichujio vyenye vipande vya chuma au misumari inayoota kutu ili kuondoa aseniki kwenye maji ya kunywa. Hiyo ni neema. Lakini maana yake ni kwamba tope unalosuuza kwenye kichujio linaweza kuwa limekusanya kile ambacho maji yalikuwa nacho kidogo kidogo, likakiweka pamoja.

Na sisi tulikuwa tunalimwaga bondeni. Kwa mwaka mzima na zaidi tulilielekeza kwenye mfereji unaoshuka kwenye mafunjo, tukiona ni udongo mwekundu tu. Baada ya masika nilipita pale na jembe. Juu palikuwa pamefunikwa na majani yaliyooza. Nilipofukua, tope letu la chungwa halikuwapo. Palikuwa na tope la kijivu kuelekea nyeusi, na maji meupe yanachuruzika taratibu. Hatua tatu mbele, maji yale yale yalipotokea kwenye hewa, yalikuwa yanaacha chungwa upya kwenye mawe, na juu yake ule utando unaong'aa.

Nilikaa juu ya jiwe nikaelewa. Chini ya tope pasipo na hewa kuna bakteria wa kabila jingine, wakiwemo wanaoitwa Geobacter, ambao hupumua kutu kama sisi tunavyopumua hewa. Wanairudisha kuwa chuma kilichoyeyuka, na chochote ambacho kutu ilikuwa imeshika huachiwa kiende. Kwa njia hiyo hiyo aseniki imeingia katika maji ya visima vya mamilioni ya watu huko Bangladesh. Hakuna kiwanda kilichoimwaga. Kutu ya kale iliyozikwa pamoja na mabaki ya mimea iliyeyushwa na bakteria chini ya ardhi. Sidai kwamba bonde letu lina aseniki. Lakini sisi ni majirani wa Geita, na upande wa Geita na Mara, kwenye ukanda wa dhahabu, aseniki imeshapimwa na kukutwa katika baadhi ya maji. Tangu siku ile tope letu linakaushwa kwenye kitanda cha saruji chenye paa la bati, juu, mbali na bonde.

Kwa hiyo ninaloomba kwa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kwa wahandisi wa maji wa wilaya na kwa kamati za maji ni hili. Kisima kikichimbwa, chuma, manganisi na asidi ya maji vipimwe, na majibu yaandikwe kwa rangi kwenye ubao wa kijiji, watu wayasome kabla ya ngoma ya makabidhiano. Vikionekana vingi, kichujio kijengwe pamoja na kisima, ndani ya bajeti ile ile, badala ya kusubiri akina mama warudi bondeni ndipo tukumbuke. Kitanda cha kukaushia tope kiwe kwenye ramani ya mhandisi tangu mwanzo, na ukanda wa dhahabu tope hilo lipimwe aseniki kabla halijapelekwa popote. Na kisima chekundu kisifungwe kwa sababu ya rangi. Kipimwe kwanza.

Kwa wale wasomaji wawili: nendeni na kijiti. Mkiona utando umeungana tena, pigeni kelele, nami nitapiga pamoja nanyi. Ukipasuka vipande, jazeni chupa ya maji yale, mumpelekee mwalimu wa baiolojia aliye karibu nanyi.

Sisi kichujio chetu tunakisuuza Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, tunaanza saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwanakamati wa kijiji chochote anayetaka kuja kujifunza anakaribishwa. Aje na viatu vya mpira na nguo asiyoihurumia, maana rangi ile haitoki.

Fundi pampu mstaafu,
Muleba, Kagera.